Kubadilisha sproketi za pikipiki ndogo kwa safari ndefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwenye pikipiki ya cc 100, 125 au 150 akitoka Mjini Unguja kwenda Nungwi anapajua mahali tabu inapoanzia. Akishaiacha Mahonda barabara inanyooka, gia zimekwisha, na injini bado inalia kama inayodai gia nyingine. Vioo vinatetema, vidole vinaingia ganzi, na mwendo wenyewe ni 70 tu. Akifika kwa fundi anaambiwa, "Badilisha sproketi." Akifika kwa fundi wa pili anaambiwa, "Usithubutu." Hapa nimeyajibu maswali ninayoulizwa kila wiki na wenye pikipiki wa Unguja na Pemba, kwa kuwa nimechoka kuona watu wakitoa fedha yao kwa kitu wasichokihitaji, au wakikipata kile walichokihitaji kikafungwa ovyo.

Kubadilisha sproketi kunabadilisha nini hasa?

Nguvu ya injini inafika gurudumu la nyuma kwa mnyororo uliozungushwa kwenye sproketi mbili, yaani magurudumu ya meno: ndogo iliyo mbele, pembeni mwa injini, na kubwa iliyo nyuma kwenye habu. Gawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele. Ukiwa na 42 nyuma na 14 mbele unapata 3.00, maana yake sproketi ya mbele izunguke mara tatu ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka 15 mbele unapata 2.80. Gurudumu linakwenda mwendo ule ule, lakini injini inazunguka mara chache zaidi, pungufu ya karibu asilimia 7.

Hilo linagusa gia zote kwa pamoja, ya kwanza mpaka ya mwisho. Watu wengi hulisahau. Wanaifikiria gia ya juu peke yake, halafu wanashangaa pikipiki imekuwa nzito kuondoka Darajani yenye foleni.

Nitapata spidi kubwa zaidi?

Kwa pikipiki ndogo, karibu kila mara jibu ni hapana. Naomba unisikilize hapa kuliko mahali pengine popote.

Kinachokuzuia usivuke 90 au 95 ni upepo kifuani kuliko ukosefu wa gia. Nguvu inayohitajika kuupasua upepo haiongezeki kidogo kidogo. Ukitoka 60 kwenda 80 mwendo umeongezeka kwa theluthi moja, lakini nguvu ya kuupasua upepo inahitajika zaidi ya mara mbili ya ile ya mwanzo. Injini ndogo haina akiba hiyo. Ukiirefusha gia, yaani ukiongeza meno mbele au ukipunguza nyuma, unaiteremsha injini kwenye mizunguko ambayo nguvu yake ni ndogo zaidi, na upepo uko pale pale. Ndiyo maana wapo waliofunga sproketi ndefu wakaona mwendo wa juu kabisa umeshuka badala ya kupanda.

Unachokipata ni utulivu. Tuseme pikipiki yako kwa 14/42 (14 mbele, 42 nyuma) inazunguka mara 6,000 kwa dakika ukiwa 70. Kwa 15/42 itazunguka 5,600. Safari ya Nungwi ni kilomita 60 hivi, dakika kama 50 kwa mwendo huo, basi injini imepumzishwa mizunguko 20,000 kwa kwenda tu. Mtetemo unapungua, kelele inapungua, na unafika huku mikono ingali yako. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kutosha, ila mtu aijue kabla hajatoa fedha.

Niongeze mbele au nipunguze nyuma?

Jino moja la mbele ni karibu sawa na meno matatu ya nyuma. 15/42 ni 2.80 na 14/39 ni 2.79, ukipanda pikipiki hizo mbili huwezi kuzitofautisha. Sproketi ya mbele ni ya bei ndogo na kazi yake ni fupi, kwa hiyo wengi wanaanza nayo, nami nashauri hivyo hivyo.

Ya nyuma ina faida yake: unaweza kwenda kwa hatua ndogo. 14/40 inakupa 2.86, yaani asilimia 5 hivi, na kwa mwenye cc 100 hiyo pengine ndiyo inayomfaa. Tena mbele pana ukomo wa nafasi. Sproketi ikiwa kubwa sana mnyororo unasugua kava au ukuta wa injini.

Basi niongeze meno mawili mbele nimalize kazi?

Usifanye. Niliwahi kufunga 16 mahali pa 14. Hesabu yake ni asilimia 12.5, na nilipoiandika kwenye karatasi niliiona ndogo. Nilikwenda Makunduchi mwezi wa Julai na mdogo wangu nyuma, upepo wa kusi ukivuma. Gia ya tano haikuvuta hata mara moja tangu Tunguu. Kila nikiitia pikipiki inapoa, narudi ya nne. Nilikwenda na kurudi kwa gia ya nne. Nilipofungua kava nyumbani nikakuta mnyororo umekwangua alumini mpaka iking'aa. Siku chache zaidi ungetoboa.

Jino moja. Likikutosha, baki hapo. Likikuzidi, ni rahisi kurudi.

Nitajuaje nina meno mangapi sasa?

Hesabu mwenyewe. Usiulize aina ya pikipiki halafu ukaamini jibu la dukani, kwani pikipiki za jina moja zinaweza kutoka kiwandani na sproketi tofauti, na zikishapita mikononi mwa watu wawili watatu hakuna anayejua kilichofungwa. Mara nyingi idadi imepigwa muhuri ubavuni mwa sproketi. Kama kutu imeufuta, tia alama ya chaki kwenye jino moja na uhesabu ukizunguka.

Soma pia namba iliyo kwenye vibati vya mnyororo. 420 na 428 zina hatua sawa ya milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, lakini 428 ni pana zaidi kwa ndani. Sproketi ya 428 haingii kwenye mnyororo wa 420, na ya 420 itacheza ndani ya mnyororo wa 428 mpaka vyote viwili viharibike. Ukienda duka la spea chukua ile ya zamani mkononi, uilinganishe tundu la kati, mifereji ya ndani na matundu ya bolti. Picha ya simu haitoshi.

Mimi niko Pemba. Inanifaa?

Inategemea unapita wapi, na kwa wengi wa Pemba nasema acha ilivyo. Unguja upande wa Nungwi au Paje ni tambarare, miinuko yake ni ya kupanda polepole. Pemba ni vilima na mabonde mfululizo. Mwenye kwenda Chake na kurudi Wete, au Mkoani na kurudi Chake, hakai kwenye gia ya juu muda wa kutosha hata aone faida. Anapanda, anashuka, anapinda, anapanda tena. Gia ikirefushwa, kilima alichokuwa akikipanda kwa gia ya tatu atakipanda kwa ya pili, na pale katikati ya mbili na tatu atabaki anahangaika.

Kushuka nako kuna jambo. Injini husaidia breki ukifunga resi, na gia ikiwa ndefu msaada huo hupungua. Mtu aliyezoea kuteremka kwa gia ya tatu bila kugusa sana breki ataona pikipiki inakimbia. Ukiwa na magunia ya karafuu nyuma, barabara imelowa na kona iko mbele, hilo si jambo la kujaribia.

Ila kama wewe ni mtu peke yako, mwepesi, una cc 150, na milima unaipanda na resi bado iko nusu, jaribu jino moja.

Na mwenye kubeba abiria?

Bodaboda anaondoka na kusimama pengine mara mia kwa siku. Kila kuondoka ni kwa gia ya kwanza, na gia ya kwanza ikiwa ndefu unalazimika kuilegeza klachi polepole zaidi, na klachi inayotelezeshwa namna hiyo mara mia kwa siku inaungua. Ukiingia njia ya mchanga ya ufukweni, Jambiani au Matemwe, na abiria na begi lake, utainusa. Kwa kazi hiyo gia ya kiwandani ni sahihi, ilipimwa kwa mzigo. Usiibadilishe kwa ajili ya safari moja ya shamba kwa wiki.

Upepo unaingiaje katika hesabu?

Unaingia sana, na visiwani petu unakuja kwa miezi yake. Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, na Juni mpaka Agosti inakuwa na nguvu. Anayekwenda Makunduchi anaipokea usoni na akirudi Mjini inamsukuma. Kaskazi ya Disemba mpaka Februari inampiga usoni anayekwenda Nungwi. Ukiwa 70 na upepo wa 20 unakujia mbele, kwa pikipiki yako ni kama unakwenda 90.

Kwa hiyo usiipime sproketi mpya kwa safari moja. Nimewaona watu wakiisifu kwa sababu siku ya kwanza walisukumwa na upepo, wakailaani wiki ya pili. Kwenda na kurudi, njia ile ile, siku ile ile.

Kabla ya kununua chochote, niangalie nini?

Angalia kama ugonjwa wenyewe ni wa gia. Pikipiki nyingi zinazoletwa kwa malalamiko ya "inalia sana haikimbii" zina mambo ya kawaida tu: upepo wa matairi umepungua, breki ya nyuma inashika kidogo kidogo, kichujio cha hewa kimejaa vumbi, tapeti (nafasi za vali) hazijapimwa tangu pikipiki inunuliwe, klachi inateleza. Klachi inayoteleza ndiyo hasa inayodanganya. Injini inapandisha sauti na mwendo haupandi, na mtu anadhani gia ni fupi. Ukiirefusha gia klachi hiyo itakufa mapema zaidi.

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, tia nyutro, lizungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Likizunguka mara moja likasimama, anzia hapo.

Naweza kufunga sproketi mpya na mnyororo wa zamani?

Ukiwa bado mzima, ndiyo. Ukiwa umechoka, hapana, kwa sababu mnyororo uliorefuka utayala meno mapya ndani ya muda mfupi. Njia ya kuujua: pima hatua 20, kutoka kati ya pini moja hadi kati ya pini ya ishirini na moja, mnyororo ukiwa umevutwa. Mpya ni milimita 254. Ukifika 259, umekwisha. Au uvute kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ukijiinua hata ukaona nusu ya jino, usisumbuke na rula.

Meno yaliyochongoka na kulala upande mmoja kama mawimbi yamekwisha pia, hata kama mnyororo ni mpya jana.

Urefu wa mnyororo utatosha?

Jino moja la ziada mbele linavuta ekseli ya nyuma mbele kwa milimita 3 tu. Kwa kawaida nafasi ipo. Kama mnyororo ni mpya na ekseli tayari iko mwisho wa mbele, utahitaji mnyororo mrefu zaidi. Viungo huongezwa viwili viwili, na viwili hivyo vinairudisha ekseli nyuma milimita 12.7. Ukipunguza meno matatu nyuma, ekseli itarudi nyuma milimita 9 au 10, hakikisha haiishii mwisho wa mkato.

Kazi yenyewe inakwendaje?

Ni kazi ya saa moja kwa mtu mwenye spana zake, na haraka ndiyo inayoiharibu.

Fungua kava ya sproketi ya mbele, ukwangue uchafu wote uliogandamana. Mara nyingi ni udongo na grisi ngumu kama lami, na chini yake ndipo utakapoona kama oili sili (mpira wa kuzuia oili) inavuja. Legeza bolti au nati ya sproketi kabla hujautoa mnyororo: tia gia, mwenzako akanyage breki ya nyuma, ndipo uvute spana. Ukiutoa mnyororo kwanza hutakuwa na kitu cha kuizuia sproketi isizunguke, na hapo watu wanaanza kubana vitu kwa bisibisi na kuvunja.

Halafu legeza nati ya ekseli na vikazio vya pande zote mbili, sukuma gurudumu mbele, toa mnyororo, badilisha. Kama nati ina wosha ya kukunjwa, kunja mpya; ya zamani ikikunjwa mara ya tatu inakatika. Zungusha kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kurudisha kava na utazame nafasi pande zote.

Kiungo chenye klipu kina upande wake. Sehemu iliyofungika ya klipu itangulie kule mnyororo unakoelekea, mdomo wazi ubaki nyuma. Ikiwekwa kinyume, kitu kidogo kikiigusa inachomoka, na mnyororo ukikatika kwa mwendo wa barabara kuu unaweza kulikamata gurudumu. Hili nalikagua mwenyewe hata kama kazi kafanya fundi ninayemwamini.

Linganisha alama za ekseli kushoto na kulia. Ulegevu wa mnyororo kwa pikipiki ndogo nyingi ni milimita 20 hadi 30 katikati, upande wa chini. Kama kitabu cha pikipiki yako kinasema vingine, fuata kitabu. Kuukaza sana ni kosa baya kuliko kuulegeza kidogo, kwani ukikaa wewe na abiria unakazika zaidi na kuumiza beringi.

Mwisho, breki. Gurudumu likisogea mbele, fimbo ya breki ya nyuma inalegea. Ukiondoka bila kuirekebisha utakanyaga pedali na isishike kama ulivyoizoea. Rekebisha, jaribu ukiwa uani, ndipo utoke.

Mita ya spidi itadanganya?

Kama waya wake unatoka gurudumu la mbele, hapana. Kama inasoma kutoka kwenye injini, ndiyo: kwa 15 badala ya 14 ikionyesha 60, wewe uko 64. Kilomita za safari nazo zitasomeka pungufu.

Mafuta yatapungua?

Kidogo, ukiwa unakwenda mwendo wa wastani bila upepo na bila mzigo. Ukiwa unafungua resi yote ili pikipiki ivute gia ndefu, hutaona faida, na pengine utatumia zaidi.

Nimefunga, sasa gia ya juu haivuti kama zamani. Nimekosea?

Si lazima. Gia ya juu sasa ni ya kukimbilia, si ya kupandia. Chini ya 55 hivi kaa gia iliyo chini yake. Dalili ya kosa ni injini kukoroma na kutikisika unapofungua resi, ukaendelea kuilazimisha. Hilo linaipandisha joto na kuiumiza kuliko mizunguko mingi. Ukijikuta safari nzima uko gia hiyo ya chini yake hata pasipo upepo, basi gia ni ndefu mno kwako, rudisha.

Fundi kanambia nipunguze jino mbele, si kuongeza. Kwa nini?

Pengine amekuona na mzigo. 13 mbele inatoa nguvu ya kupanda, lakini injini italia zaidi barabarani, na mnyororo unaopinda kwenye duara dogo unachakaa mapema.

Nina vespa.

Vespa haina mnyororo wala sproketi, gia zake zimo ndani ya injini. Haya hayakuhusu.

Kwa nini minyororo yangu haidumu?

Chumvi. Anayelala Paje au Nungwi, pikipiki ikiwa uani, anaikuta asubuhi ina ukungu wa bahari, na mnyororo unashika kutu usiku mmoja. Uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe, upake oili nzito ya gia, namba 80 au 90, kwa upande wa ndani, jioni mnyororo ukiwa bado na joto la safari. Oili chafu iliyotolewa injini usiitumie. Ina unga wa chuma ndani yake, nawe unaupeleka moja kwa moja kwenye pini. Masika fanya hivyo kila baada ya mvua.

Sasa pikipiki imetulia, naweza kukimbia zaidi?

Breki ni zile zile, matairi ni yale yale. Na utulivu wenyewe una hatari yake: 80 inaanza kuhisika kama 65. Njia ya Paje inapita Jozani, pana matuta yaliyowekwa kwa sababu kima punju walikuwa wakigongwa na magari, nao bado wanavuka. Watoto wa skuli wanavuka Kitogani. Ng'ombe anafungwa kando ya lami na kamba yake inafika katikati. Angalia mita, si sauti.

Lini niangalie tena, na ile sproketi ya zamani niifanye nini?

Baada ya siku mbili au kilomita 100 fungua kava, shika spana, hakikisha bolti za mbele na nati ya ekseli hazijalegea, na upime mnyororo upya. Ile ya zamani, kama meno yake yangali manene, ipake grisi, ifunge kwenye gazeti uiweke. Kuna siku utahitajika kumbeba mtu na samani zake mpaka Kizimkazi, upepo wa Julai ukiwa mbele yako.